Aliyejua Ndiye Aliyepaswa Kusema

Kuna hukumu ambayo mpaka wetu umeizoea, kuanzia Molo ya wilaya ya Tororo na Tororo mjini hadi Malaba na Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya. Mtu akinunua kifaa cha umeme kwa bei iliyopunguzwa, kisha nyumbani akaona dalili kwamba kilishawahi kufanya kazi kwenye mashine ya mtu mwingine, hukumu humfikia kabla hajamaliza kusimulia. "Rahisi ghali. Ulitarajia nini kwa bei ile?" Fundi atasema hivyo, shemeji atasema hivyo, na mwenye duka la jirani atatikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayejua kwamba kesho na yeye ana mali ya kuuza. Mnunuzi huona haya, akanyamaza, na habari ikaishia hapo.

Naipinga hukumu hiyo, tena si kwa sababu ni kali. Ni hukumu ya uongo. Inamtia hatiani mtu pekee katika biashara ile ambaye hakuwa na njia ya kujua.

Mfano wangu ni kadi ya grafiki, kile kibao chenye feni mbili au tatu kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili ichore picha nzito bila kukwama. Najua watakaouliza kadi ya grafiki inatafuta nini Molo. Anayeuliza hivyo hajahudhuria mazishi siku za karibuni. Hakuna harusi wala mazishi yenye heshima yake siku hizi yasiyo na mpiga video, na mpiga video akirudi nyumbani ana saa nyingi za picha za kukata, kuunga na kurekebisha rangi kabla wenye shughuli hawajaanza kumpigia simu. Kwenye kompyuta isiyo na kadi, kazi ya usiku mmoja hula siku kadhaa. Kadi ni jembe la mtu huyo, na bei yake yaweza kukaribia bei ya ng'ombe.

Tuseme basi mhariri wa namna hiyo anatoka Molo asubuhi, anapita Tororo, anateremka hadi Busia na kuvuka upande wa Kenya. Anabadilisha pesa kwa wale vijana wenye mabunda mkononi, anaingia dukani, anaonyeshwa kadi. Muuzaji anatamka maneno mawili: mpya, ofa. Analipa. Nyumbani anafungua boksi na kuona limefungwa kwa selotepu ya kawaida. Ile ngozi nyembamba ya plastiki ambayo kadi nyingi hubandikwa kiwandani haipo. Katikati ya mapezi ya kupozea kuna vumbi ambalo haliwezi kusingiziwa kiwanda cha saruji cha Tororo, maana kadi imefika sasa hivi. Meno ya dhahabu yanayoingia kwenye ubao mkuu yana mikwaruzo. Anapiga simu dukani. "Tuliijaribu tu, bosi."

Imetumika? Labda. Hilo "labda" ndilo nitakalolishughulikia zaidi, kwa sababu wanaomlaumu mnunuzi hulipita kama halipo.

Wacha nianze na bei, kwa kuwa ndipo washitaki wanapoanzia. Wanasema punguzo lenyewe ni onyo. Mwenye akili angejua kuna jambo. Hoja hiyo ingesimama kama bei za vifaa hivi nazo zingesimama. Kampuni ya Nvidia ilitoa kadi ya RTX 3060 mwezi Februari 2021 kwa bei elekezi ya dola 329. Mwezi Juni 2023 ikatoa RTX 4060, ya kizazi kilichofuata na yenye kasi zaidi, ingawa kumbukumbu yake ni ndogo, kwa dola 299. Kadi mpya ikazinduliwa kwa bei ya chini kuliko ile iliyoitangulia. Tangu siku hiyo kila duka lililobaki na RTX 3060 kwenye rafu, safi, haijaguswa na mtu, lilikuwa na sababu halali kabisa ya kukata bei. Aliyeinunua kwa punguzo alifanya walichofanya watu wenye busara duniani kote.

Kisha kuna habari ya sarafu za kidijitali, ambayo kila fundi wa kompyuta anaijua na bado anamlaumu mnunuzi. Katika miaka ya 2020 na 2021 wachimbaji wa sarafu kama Ethereum walizinunua kadi za grafiki kwa mafungu, wakazipanga kwenye rafu katika mabanda yenye umeme wa bei nafuu na kuziendesha usiku na mchana. Kadi zikaadimika, bei zikapanda hadi maradufu ya bei elekezi na kupita. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha mfumo wake, na uchimbaji wake kwa kadi za grafiki ukakoma siku hiyo hiyo. Bei zilizokuwa zimeshaanza kuporomoka zikaendelea kushuka, na mabanda yale yakaanza kuuza vyombo vyake. Sasa tazama hali ya mnunuzi. Jambo lile lile lililoshusha bei ya kadi mpya ndilo lililomwaga sokoni kadi zilizochoka. Punguzo la haki na punguzo la hila vilikuja kwa lori moja, vimevaa nguo za aina moja. Unamwambia mtu wa Molo avitofautishe kwa kuangalia tarakimu kwenye kibandiko cha bei?

"Mwenye macho haambiwi tazama," wanajibu. Haya, tutazame.

Mikwaruzo kwenye meno ya dhahabu huonyesha kwamba kadi ilichomekwa. Haionyeshi kama ilichomekwa dakika tano ili ijaribiwe au miezi ishirini ili ichimbe sarafu. Lakiri iliyokatwa kwenye boksi yaweza kuwa kazi ya muuzaji mwongo, na yaweza kuwa kazi ya ofisa wa forodha aliyetaka kuona kilichomo. Vumbi ni ushahidi mzuri zaidi, lakini wauzaji wa kadi zilizochoka wanajua hilo kuliko sisi: huziosha, hubadilisha feni, hupaka pesti mpya ya kupitisha joto, wakazitia kwenye boksi lingine. Ukiona kadi imeng'aa mno kuliko umri wa aina yake, huenda hiyo ndiyo ya kutilia shaka. Yaani kadi chafu ni dalili na kadi safi ni dalili. Jicho lifanye nini?

Programu nazo zina mipaka. Kwa miaka kadhaa soko la dunia lilijaa kadi za zamani za Nvidia ambazo bayosi yake, yaani maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta kadi ni ya aina gani, yamefutwa na kuandikwa upya. Unachomeka, kompyuta inakusomea jina la kadi mpya, unafurahi. Ni mwezi Oktoba 2018 tu ambapo GPU-Z, programu ya bure ambayo mafundi wengi huitegemea, iliongezewa uwezo wa kuzitambua na kuzitia alama kuwa ni feki. Mwezi huo huo kampuni ya AMD yenyewe, kwa soko la China, ilitoa kadi iitwayo RX 580 2048SP ambayo ndani yake ni sawa na RX 570, hatua moja chini. Hapo hakukuwa na tapeli wa kichochoroni. Jina lilitoka kiwandani. Zikafika kwetu kwa wingi, nyingi zikiwa zimeshachimba sarafu, na kwenye rafu zikaandikwa RX 580 basi.

Linganisha na diski ngumu. Hiyo ina daftari ndani yake: huhesabu saa zote ilizowashwa, na programu ya bure huisoma hesabu hiyo. Kadi ya kawaida ya grafiki haina daftari ambalo mnunuzi anaweza kulifungua. Na hata mahali palipo na daftari, daftari hufutwa. Mwezi Januari 2025 waandishi wa habari za teknolojia wa heise, Ujerumani, walifichua kwamba diski za Seagate zilizokuwa zikiuzwa kama mpya zilikuwa zimeshafanya kazi maelfu ya saa, na hesabu yake imerudishwa sifuri. Seagate ilikana kwamba ndiyo iliyozisambaza hivyo. Kilichoumbua udanganyifu ni rekodi ya pili, iitwayo FARM, ambayo ilibaki na hesabu ya kweli. Waliouziwa walikuwa Wajerumani, wenye risiti, kwenye maduka yenye anwani, katika nchi ambayo hata chupa tupu ina sheria yake. Sikusikia mtu akiwaambia kwamba walikuwa na tamaa.

Kwa hiyo tuache kusema kwamba mnunuzi wetu hakutazama. Alitazama kitu ambacho hakionekani.

Na mpaka huu, kuliko mahali pengi, unajua la kufanya na kasoro isiyoonekana. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya, AFA, ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kuingia nchini kwa sababu ya sumukuvu, aflatoksini ikiwamo. Malori yalikwama Busia na Malaba, wafanyabiashara wakapiga kelele, na kelele zile zilikuwa na haki kwa kiasi kikubwa, maana mahindi ya Kenya yenyewe hayakuwa malaika. Siku chache baadaye zuio likaondolewa, kwa masharti. Mwagizaji ajiandikishe. Shehena ije na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Itajwe mahindi yalikotoka.

Tuyaache malumbano ya siasa ya wiki ile, tuangalie mzigo uliwekwa mabegani mwa nani. Aflatoksini haina rangi utakayoiona kwenye unga. Mama anayenunua gorogoro moja sokoni hawezi kuipima kwa ulimi. Serikali zilipogombana, hata moja haikuthubutu kusema: basi mama awe mwangalifu, na akiugua ni kwa sababu alipenda mahindi ya bei nafuu. Zilibishana juu ya mwagizaji, mzalishaji, ghala na maabara. Kila mtu alielewa kwamba palipo na kasoro isiyoonekana kwa macho, anayeulizwa ni aliyeileta mali. Najua kadi ya grafiki haiui mtu. Lakini kanuni ya nani aulizwe haitegemei ukubwa wa madhara. Inategemea nani alikuwa na nafasi ya kujua.

Wapo wanaokimbilia sheria. Mnunuzi ajihadhari, wanasema, kana kwamba hiyo ndiyo sheria yote. Wameusoma mstari wa kwanza wakafunga kitabu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, ilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na hata wakoloni wale, ambao hawakuwa na huruma ya ziada kwa mnunuzi, waliweka sharti kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ukisema mpya, iwe mpya. Uganda ilitunga upya sheria yake mwaka 2017, ikaiita Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma, na sharti hilo limo.

Kenya ikaenda mbele zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya taarifa anazohitaji ili afaidike nazo. Kisha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikataja jambo letu karibu kwa jina. Miongoni mwa madai ya uongo inayoyakataza ni kudai kwamba bidhaa ni mpya au haijatumika, kumbe imetumika au imefanyiwa ukarabati. Na kwa kuwa waliotunga waliwajua wauzaji, wakaongeza kwamba matumizi ya kiasi ya kuitayarisha na kuijaribu bidhaa hayaifanyi ihesabike kuwa imetumika. Kwa hiyo "tuliijaribu tu" ni utetezi halali. Halali kabisa. Ila ni utetezi, na utetezi huthibitishwa na anayeutoa. Muuzaji aonyeshe iliingia dukani lini, kutoka kwa nani, ikiwa na namba gani ya seriali. Akishindwa, "labda" imwangukie yeye.

Na lile bango la ukutani, "Mali ikishauzwa hairudishwi"? Kwa sheria hiyo ya 2012, kipengele chochote cha mapatano kinachojaribu kuyafuta masharti ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ni batili. Bango ni mapambo. Linafanya kazi kwa sababu tunaliamini, na tunaliamini kwa sababu tumekwisha kujihukumu kabla ya kurudi dukani.

Nitaambiwa sheria iko mbali. Mtu wa Molo ashitaki ng'ambo kwa ajili ya kadi? Ni kweli kwamba nauli na siku zilizopotea zaweza kula thamani ya kifaa. Hata hivyo mlango si mwembamba kama tunavyodhani. Mahakama za madai madogo za Kenya hupokea madai ya hadi shilingi milioni moja na hutakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Uganda nayo tangu 2011 ina utaratibu wa madai madogo wa hadi shilingi milioni kumi za kwake. Tena sikuileta sheria ili watu wote wakimbilie mahakamani. Nimeileta ili kuonyesha kwamba hukumu yetu ya barazani inapingana na sheria za nchi zote mbili. Tumewapa wauzaji kinga ambayo hakuna bunge lililowapa.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana wapo wanaonitetea vibaya. Hao husema: vitu vilivyotumika ni takataka, vipigwe marufuku, na tatizo limekwisha. Sikubaliani nao hata kidogo.

Mpaka huu umevishwa na mitumba. Anayeuza shati la mtumba Busia hamwambii mtu kwamba limetoka kiwandani jana. Bei, meza, harufu ya belo, vyote vinasema ukweli kabla yeye hajafungua mdomo. Na ile daraja ya kwanza inayoitwa kamera huuzwa ghali kwa sababu kila mtu anajua ni mtumba uliochaguliwa vizuri. Kompyuta nazo zina soko lao la haki. Nairobi kuna maduka mengi yanayouza mashine za eks-UK, yaani zilizotumika kwanza Uingereza, yameandika hivyo mlangoni, na shule na ofisi hununua bila aibu. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alihariri filamu zake za mapigano, ile maarufu ya mwaka 2010 ikiwa mojawapo, kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kwa vipande kuukuu. Angengoja vipya, tusingeliijua sinema yake.

Hata kadi iliyotoka kwenye banda la wachimbaji si lazima iwe maiti. Wachimbaji wenye hesabu walizipunguzia umeme ili wasilipie bili kubwa, na kadi inayofanya kazi kwenye joto lisilobadilika haiteseki kama inavyodhaniwa. Kinachochakaa kwanza ni feni, pesti, na vile vipande laini vinavyopitisha joto kwenye kumbukumbu, navyo fundi hubadilisha. Mimi ningemshauri kijana asiye na pesa nyingi anunue kadi ya namna hiyo, mradi ameambiwa ni ya namna hiyo na amelipa bei ya namna hiyo. Anapouziwa kama mpya anaibiwa mambo mawili: tofauti ya bei, na muda wa dhamana, kwa kuwa dhamana ya kiwandani hufuata namba ya seriali na hesabu yake ilianza siku nyingi, mkononi mwa mtu mwingine.

Marufuku hutibu ugonjwa usiokuwepo na kuuzidisha uliopo. Katika bajeti ya mwaka 2009 Uganda ilitangaza kuzuia uingizaji wa friji, televisheni na kompyuta zilizotumika. Nia ilikuwa njema, kuepusha nchi kugeuzwa jaa la vifaa vya kielektroniki vya wengine. Lakini fikiria mfanyabiashara anayejua kwamba neno "imetumika" laweza kumletea ofisa mlangoni. Atafanya nini? Atanunua boksi jipya. Palipo na njia za panya kama hapa kwetu, marufuku haizuii kifaa kupita. Huzuia ukweli juu ya kifaa hicho kupita nacho. Namheshimu zaidi muuzaji wa eks-UK kuliko sheria inayomfundisha mwenzake kudanganya.

Imebaki hoja moja ya wauzaji ambayo ina uzito, na sitaki kuikwepa. Mwenye duka dogo la Busia husema: mimi mwenyewe niliuziwa hivyo hivyo. Alichukua mzigo Luthuli Avenue, Nairobi, au Kampala. Aliyemuuzia aliutoa Deira, Dubai. Na huko ulitoka Shenzhen, kwenye masoko ya Huaqiangbei ambako kadi huoshwa na kuvishwa mabati mapya. Kila mmoja katika mnyororo huo anaweza kusema kwa kiapo kwamba hakuifungua. Nami nakubali kwamba wengi wao husema kweli.

Waislamu wa mpakani wanaijua habari ya Mtume kuingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka alijitetea kwamba ni mvua iliyoilowesha, na hakuna aliyesema anadanganya. Hata hivyo aliulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Kutokuwa na hatia ya kuilowesha nafaka hakukumwondolea wajibu wa kuionyesha. Mwenye duka la Busia hakuichosha kadi, sawa. Lakini ndiye aliyekaa nayo. Ana kompyuta, ana fundi, ana simu ya aliyemuuzia, na ana faida ndani ya bei, ambayo sehemu yake ni malipo ya kujua anachouza. Akiwa amedanganywa, yeye ana mtu wa kumrudia, anayemjua kwa jina, ambaye atahitaji kumuuzia tena mwezi ujao. Mnunuzi wa Molo hana mtu huyo. Ana yeye tu. Mnunuzi akirudisha kadi na duka likairudisha Nairobi na Nairobi ikalalamika Dubai, uongo utarudi ulikotoka kwa njia ile ile uliyojia. Tunapoukata mnyororo mwanzoni kwa "rahisi ghali", tunamlinda mwongo wa mwisho asiyetujua wala kutujali.

Wala gharama ya kusema ukweli si kubwa kama wanavyolalamika. Risiti ya kadi ya grafiki inahitaji mistari mitatu. Aina kamili ya kadi pamoja na namba ya seriali, iliyosomwa kwenye kadi yenyewe na si kwenye boksi peke yake, maana hapo ndipo maboksi ya kubadilishwa hujulikana. Hali yake: mpya, imejaribiwa dukani, imetumika, au imekarabatiwa. Na siku za kuijaribu nyumbani, hata wiki moja, kwa sababu kadi mbovu huficha ubovu wake mpaka ipate joto la kazi. Kama kuna punguzo, sababu yake iandikwe: kizazi kipya kimetoka, boksi lilifunguliwa, ilirudishwa na mteja. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu hapo. Anapata hata zaidi, kwa sababu leo punguzo lake la haki linashukiwa sawa na la mwenzake wa hila, na wateja waoga wanakwenda kulipa bei kamili Nairobi au Kampala, wakidhani bei kubwa ni cheti.

Vyama vya wafanyabiashara wa Busia na Malaba vinaweza kulianza jambo hili bila kungoja waziri wala jumuiya. Wenyeviti wa pande zote mbili wanajuana, na walikaa pamoja kwa mambo magumu zaidi ya risiti. Duka litakalokataa kuandika lijulikane kwamba limekataa. Hilo linatosha, sokoni habari haihitaji gari.

Nasi tusiouza tuna letu la kufanya. Mtu akikusimulia kwamba amenunua kadi, simu au friji kwa punguzo na sasa ana shaka, usimuulize alitarajia nini kwa bei ile. Muulize aliyeuza aliandika nini kwenye risiti, kisha fuatana naye kurudi dukani.